Miaka Saba ya Kungoja: Uchambuzi wa Kisa cha Webuye Baada ya Kiwanda cha Karatasi Kuzimwa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mji mdogo wa magharibi mwa Kenya uliokua kwa kutegemea kiwanda kimoja, na maamuzi ambayo wakazi wake, baraza lake la mji na serikali ya taifa waliyafanya baada ya kiwanda hicho kuzimwa mwaka 2009. Majina ya watu, maduka, shule na makanisa yameondolewa, na wahusika wanatajwa kwa kazi zao tu. Jina la mji limeachwa kwa sababu halifichiki: Kenya haikuwa na kiwanda kingine cha ukubwa ule kilichotengeneza karatasi kuanzia kwenye gogo, na yeyote atakayesoma mistari michache ya usuli atajua kwamba panazungumziwa Webuye.

Nimekiandika kwa ajili ya watumishi wa kaunti na halmashauri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na wasimamizi wa vyama vya akiba na mikopo katika miji inayotegemea mgodi, kiwanda cha sukari au shamba kubwa la zao moja. Mara nyingi visa vya aina hii husimuliwa kama habari ya siku moja, ile siku ya kufungwa lango. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya hasara ya Webuye ilikuja baadaye, katika miaka ambayo mji mzima ulikaa ukingoja lango lile lifunguliwe.

Usuli

Webuye iko katika Kaunti ya Bungoma, mahali ambapo reli ya kwenda Uganda na barabara kuu ya Eldoret hadi Malaba zinapita karibu na Mto Nzoia, na barabara ya Kitale inachepuka kuelekea kaskazini. Hapo awali mahali hapo paliitwa Broderick Falls, kutokana na maporomoko ya mto ambayo leo yanajulikana kama Nabuyole, na palikuwa kituo kidogo cha reli chenye soko la mazao ya Wabukusu na majirani zao.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipoundwa kampuni ya Pan African Paper Mills, ambayo wenyeji waliifupisha wakaiita Panpaper. Ilikuwa kampuni ya ubia kati ya serikali ya Kenya, kampuni ya karatasi ya India iliyokuwa chini ya kundi la Birla, na Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambalo ni tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Karatasi ya kwanza ilitoka mwaka 1974. Mahali palichaguliwa kwa sababu zinazoeleweka: mto ulikuwa na maji mengi mwaka mzima, reli ilikuwa tayari, na serikali ilikuwa imekwisha kupanda misitu ya msonobari na saipresi katika eneo la Turbo, upande wa Eldoret, tangu miaka ya 1960 kwa matarajio ya kiwanda cha namna hiyo.

Inafaa kueleza kazi yenyewe ya kiwanda, kwa maana udhaifu wa mji ulianzia kwenye mitambo. Magogo hukatwakatwa vipande vidogo, vipande hivyo huchemshwa kwa mvuke na kemikali zenye salfa mpaka nyuzi za mti ziachane, kisha rojo inayopatikana huoshwa, na ile inayokusudiwa kuwa karatasi nyeupe hupaushwa kabla ya kusambazwa juu ya wavu, kukamuliwa na kukaushwa. Kazi hii haiwezi kufanyika nusunusu. Boila lazima ziwake usiku na mchana, umeme usikatike, na malori ya magogo yafike kila siku, kwa sababu gharama ya kuwasha na kuzima ni kubwa mno. Kiwanda cha aina hii kikipungukiwa na kimoja kati ya miti, mafuta ya tanuri, umeme au fedha za kuendeshea kazi, hakipunguzi mwendo tu, husimama.

Kwa zaidi ya miaka thelathini kiwanda kilikuwa ndicho mji. Kiliajiri zaidi ya watu elfu moja moja kwa moja, na nyuma yao walikuwapo wakata miti, madereva na matingo, wapakizi, vibarua wa siku, wauza maziwa na mboga, wenye nyumba za kupanga, na mafundi wa jua kali. Kampuni ilikuwa na mitaa yake ya nyumba za wafanyakazi, shule, huduma ya afya na timu ya mpira iliyofika ligi kuu ya taifa. Baraza la mji lilitegemea ada na kodi zilizotokana na shughuli hiyo. Maduka yaliuza kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, nayo mishahara ikilipwa madeni yalifutwa, na mzunguko ukaanza upya.

Kulikuwa na upande mwingine ambao hauna budi kutajwa hapa hapa, kwa kuwa utarejea katika uchambuzi. Moshi wa kiwanda ulieneza harufu ya yai viza katika mji wote, mabati ya nyumba za jirani yalioza kwa kutu mapema mno hata watu wakawa wanaezeka upya mara kwa mara, na majitaka yaliyoingia Nzoia yalilalamikiwa na waliokuwa wakitumia mto huo upande wa chini. Wakazi walivumilia kwa sababu waliovuta moshi ule ndio waliokuwa wakilipwa mshahara, au walikuwa jamaa zao.

Mfuatano wa matukio

Dalili za kwanza zilionekana katika miaka ya 1990, Kenya ilipofungua soko lake na karatasi za kutoka nje zikaanza kuingia kwa bei ambayo mitambo ya zamani isingeweza kushindana nayo. Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, ikaruhusu kampuni chache tu kuendelea, na kiwanda cha Webuye kilikuwa mojawapo. Ruhusa hiyo ilionekana wakati ule kuwa neema, na kwa kweli ilikiokoa kiwanda kwa muda, lakini ilimaanisha pia kwamba uhai wa mji sasa ulitegemea ruhusa iliyotolewa Nairobi na iliyoweza kuondolewa Nairobi.

Madeni yaliongezeka katika muongo uliofuata. Mwaka 2008 bei ya mafuta duniani ilipanda hadi kupita dola 140 kwa pipa, na kiwanda kinachochoma mafuta ya tanuri kisingeweza kupitisha gharama hiyo kwa wateja ambao walikuwa na karatasi ya bei nafuu bandarini. Mwishoni mwa Januari 2009 mitambo ilizimwa, kampuni ikiwa na madeni ya mabilioni ya shilingi. Kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeshika mali ya mdaiwa kwa niaba ya wadai wenye dhamana.

Wafanyakazi hawakuondoka siku ile. Wengi walibaki katika nyumba za kampuni, kwa sababu walikuwa wakidai mishahara na kiinua mgongo, na waliona kwamba anayetoka nyumbani humo huenda akaonekana ameacha dai lake. Wengine waliamini, kwa haki, kwamba kiwanda ambacho serikali ina hisa ndani yake hakiwezi kuachwa kife. Wenye maduka waliendelea kukopesha kwa muda wa miezi michache kwa imani hiyohiyo, hadi wao pia walipoishiwa na mali rafuni. Wazazi waliokuwa na watoto katika shule za bweni walianza kuwarudisha shule za kutwa. Wapangaji waliohamia mjini kutoka sehemu za mbali walirudi kwao, na vyumba vikabaki vitupu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ilitia fedha na kiwanda kikawashwa tena kwa shangwe kubwa. Kazi ilidumu kwa muda mfupi, kisha kikasimama mara ya pili. Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi chini ya Katiba ya 2010, mabaraza ya miji yakavunjwa, na Webuye ikawa sehemu ya kaunti ambayo makao yake yako Bungoma. Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa kundi la kampuni za Rai kwa Shilingi milioni 900 za Kenya, bei iliyozua ubishi mkali kwa kuwa wengi waliona mali ile ilikuwa na thamani kubwa zaidi ya hapo. Kikafunguliwa upya kwa jina jipya, na ajira zilizorudi zilikuwa chache kuliko zile za zamani. Februari 2018 serikali ikasitisha tena ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha kwa kuongezewa muda mara kwa mara. Katazo hilo lilidumu hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa serikali ya taifa ulikuwa kufufua kiwanda kilekile, mahali palepale, kwa bidhaa zilezile. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Serikali ilikuwa mwenye hisa. Mitambo ilikuwa bado imesimama. Misitu ya Turbo ilikuwa ya serikali yenyewe. Na hakuna mbunge wala waziri ambaye angeweza kwenda Webuye na kuwaambia watu kwamba kiwanda hakitarudi, kisha akapata kura. Kila kampeni ya uchaguzi ilibeba ahadi ya kufufua Panpaper. Hata hivyo, uamuzi huo ulipofanywa haukuambatana na jibu la swali lililoua kiwanda tangu mwanzo, yaani karatasi itakayotoka itauzwa kwa bei gani ikilinganishwa na ile inayotoka melini.

Mrasimu naye aliamua kwa mujibu wa wajibu wake. Kazi yake ilikuwa kulinda thamani ya dhamana kwa ajili ya waliokopesha, na katika hesabu hiyo mfanyakazi anayedai kiinua mgongo husimama nyuma ya benki yenye hati. Sheria iliruhusu hivyo. Jambo ambalo wafanyakazi hawakuelezwa mapema kwa lugha wanayoielewa ni nafasi yao katika foleni hiyo. Laiti wangejua, pengine baadhi yao wasingekaa miaka katika nyumba za kampuni wakilinda dai ambalo kukaa kwao hakukuliongezea nguvu yoyote.

Uamuzi wa baraza la mji ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kutoamua. Mapato yalishuka na mishahara ya watumishi ikawa mzigo. Katika hali kama hiyo baraza huwa na njia mbili, kupandisha ada kwa wachache waliobaki au kuzipunguza ili kuvutia wengine, na zote mbili zinahitaji ujasiri. Mji ulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mrasimu angeweza kukishika, nacho ni makutano ya barabara kuu na ile ya Kitale, mahali ambapo malori ya mahindi kutoka Trans Nzoia na malori ya mizigo ya kwenda Uganda yanapita kila saa. Maegesho, ghala na masoko ya kando ya barabara yangeweza kupangwa tangu mwaka wa kwanza. Yalikuja polepole, kwa nguvu za wafanyabiashara wenyewe.

Vijana waliamua haraka kuliko wote. Ilitokea kwamba mwaka 2008 serikali ilikuwa imeondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na bei yake ikashuka katika muda uleule ambao mji ulikuwa ukipoteza ajira. Bodaboda zikajaa. Aliyekuwa na kiasi fulani cha akiba alinunua pikipiki, asiyekuwa nacho akaendesha ya mtu kwa makubaliano ya kupeleka fedha kila jioni. Ilikuwa kazi ya kweli iliyolisha familia, ingawa idadi ya abiria katika mji usio na mishahara haikuongezeka kwa kasi ya pikipiki, na kipato cha kila mmoja kikapungua kadiri wengine walivyojiunga.

Wakulima wa pembezoni walikuwa na hesabu nyingine. Wengi walikuwa wamepanda mikaratusi wakitarajia kuuza kiwandani. Kiwanda kilipozimwa, baadhi waling'oa na kurudi kwenye mahindi na miwa, na wengine waliacha miti isimame. Waliosubiri walipata soko ambalo hawakulitazamia: usambazaji wa umeme vijijini ulihitaji nguzo kwa wingi, na mkaratusi mrefu ulionyooka ukauzwa kama nguzo kwa bei iliyopita ile ya gogo la kusagwa rojo. Hao walitumia kitu kilekile walichokuwa nacho, wakakipatia mnunuzi mwingine. Waliogeukia miwa waliingia katika utegemezi mwingine, kwani kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoko karibu kilikuwa na matatizo yake ya madeni na ya kuwacheleweshea wakulima malipo, mpaka mwaka 2025 serikali ilipokikodisha kwa kampuni binafsi.

Mafundi wa boila, umeme na mitambo walikuwa na ujuzi unaohitajika kwingine, hasa katika viwanda vya sukari vya magharibi. Waliopata kazi huko waliondoka, na uamuzi huo, uliokuwa wa busara kwa kila familia, uliuondolea mji watu ambao ufufuaji wowote ungewahitaji kwanza.

Matokeo

Webuye haikufa. Inafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu maandishi mengi kuhusu miji ya namna hii hupenda kuieleza kama mahame. Barabara iliendelea kuleta wateja, soko likaendelea, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kikafungua tawi lake, ambalo lilileta wapangaji wachache kwa ajili ya nyumba zilizokuwa tupu. Hewa ilikuwa safi. Mabati mapya yalidumu. Wakazi waliokuwa na kikohozi cha miaka walisema wazi kwamba wanapumua vizuri zaidi, na baadhi yao walisema katika sentensi ileile kwamba wangekubali moshi urudi kama ungerudi na mshahara.

Lakini mji ulirudi nyuma kwa namna ambayo haionekani kwa mpita njia. Watu wa tabaka la kati, wale waliokuwa wakilipa karo bila kukopa, wakichangia harambee, wakilipia timu ya mpira na kuongoza vyama vya akiba, walipungua. Chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wote wana mwajiri mmoja hupatwa na pigo la pande mbili kwa siku moja: michango hukoma, na waliokopa hushindwa kulipa. Fedha za kiinua mgongo, kwa waliozipata, zilikuja kwa vipande na kwa kuchelewa sana, na baadhi ya wadai walifariki kabla ya kulipwa. Kiwanda kilichofunguliwa baada ya mauzo hakikuwa tena nguzo ya mji. Kilikuwa mwajiri mmoja kati ya wengine.

Uchambuzi: kungoja nako ni uamuzi

Kila mhusika katika kisa hiki, akichukuliwa peke yake, alikuwa na sababu nzuri ya kungoja. Mfanyakazi alingoja malipo, mwenye duka alingoja wateja, baraza lilingoja serikali, serikali ilingoja mnunuzi, na mnunuzi alingoja bei ishuke. Tatizo ni kwamba kila mmoja aliona kungoja kwake hakuna gharama, ilhali gharama ilikuwa ikiongezeka kila mwezi.

Tuanze na mitambo. Boila isiyotumika huliwa na kutu, mabaki ya rojo hukauka ndani ya mabomba, na vitambaa vinavyobeba karatasi mashineni huharibika. Baada ya miaka michache, kinachoitwa kufufua huwa ni kujenga upya ndani ya kuta za zamani. Hii ndiyo sababu mojawapo ya jaribio la mwanzoni mwa miaka ya 2010 kutofika mbali: fedha zilizotolewa zilitosha kuonyesha moshi kwenye bomba, lakini hazikutosha kukarabati mitambo na wakati huohuo kununua miti, mafuta na kemikali za miezi mingi kabla karatasi ya kwanza haijalipiwa. Ufufuaji wa nusu una madhara zaidi kuliko kutofufua kabisa, kwa sababu unawarudisha watu waliokuwa wameanza maisha mengine. Kibarua aliyeacha kibanda chake au aliyerudi kutoka kazi ya mbali kwa ajili ya ahadi ile alipoteza vyote viwili.

Kisha kuna suala la ardhi na nyumba. Katika mji wa kampuni moja, sehemu nzuri ya ardhi iliyopangwa, yenye maji, umeme na barabara, iko ndani ya uzio wa kampuni. Mali hiyo ikishikwa na mrasimu, mji hauwezi kuitumia kwa lolote hata kama imekaa bure. Kwa miaka saba, nyumba, maghala na viwanja vya Webuye vilivyokuwa bora zaidi vilikuwa vimeshikwa kwa sababu vilihesabiwa pamoja na mitambo kuwa kifurushi kimoja. Naamini hapa ndipo palipokuwa na kosa kubwa kuliko yote. Hakuna sababu ya kiuchumi iliyolazimisha nyumba za wafanyakazi na viwanja visivyo vya kiwanda kusubiri hatima ya mashine ya karatasi. Zingeweza kutengwa mapema, zikakabidhiwa kwa wafanyakazi wenyewe kama sehemu ya malipo yao kwa bei iliyokadiriwa, na hivyo kupunguza deni, kuwapa watu hati wanayoweza kukopea, na kuondoa sababu ya kukaa bila kujua hatima.

Hatua ya namna hiyo ingehitaji makubaliano na wadai wenye dhamana, na si rahisi. Lakini wadai hao pia walipoteza kwa kungoja, kwa kuwa bei iliyopatikana mwaka 2016 ilikuwa ya mali iliyochakaa.

Kilichofaulu

Kilichofaulu Webuye kilifanywa na watu wadogo kwa rasilimali ndogo, na kina sifa moja inayojirudia: kilitumia kitu ambacho tayari kilikuwa mikononi mwao na hakikuhitaji ruhusa ya Nairobi. Mkulima aliyeuza mkaratusi kama nguzo alikuwa na mti wake mwenyewe katika ardhi yake mwenyewe. Mwenye nyumba aliyegawa jengo lake kuwa vyumba vya wanafunzi hakusubiri bajeti ya kaunti. Wanawake waliouza vyakula na mboga walihama kutoka lango la kiwanda hadi kando ya barabara kuu, wakabadilisha wateja badala ya kubadilisha biashara.

Hata hivyo, sitaki mafanikio hayo yatumiwe kama hoja kwamba watu hujitegemea wenyewe na serikali haihitajiki. Kipato cha bodaboda au cha kibanda hakina pensheni wala bima, na hakiwezi kulipia mfumo wa maji wa mji. Mshahara wa kiwanda ulikuwa na makato ya hifadhi ya jamii na chama cha wafanyakazi nyuma yake. Kushuka kutoka huku hadi kule ni kushuka, hata kama mezani chakula kipo, na takwimu za ajira zinazohesabu kazi hizi mbili kuwa sawa huficha jambo ambalo mtumishi wa kaunti anapaswa kuliona.

Jambo jingine lililofaulu kwa bahati ni mazingira. Kufungwa kwa kiwanda kulifanya kile ambacho malalamiko ya miaka mingi hayakukifanya. Kwa mchambuzi hili ni tatizo, si ushindi, kwa sababu lilifundisha watu kwamba hewa safi na ajira ni vitu viwili vinavyofukuzana. Mji ulipoketi kudai kiwanda kifunguliwe, hapakuwa na sauti ya kutosha ya kudai kifunguliwe pamoja na mitambo ya kuchuja moshi na kusafisha majitaka, ingawa huo ndio ulikuwa wakati ambapo wakazi wangekuwa na nguvu ya kuweka masharti.

Kilichoshindikana: miti, bei na mauzo

Ubishi wa mwaka 2016 ulihusu hasa ile milioni 900. Ni haki ya umma kuuliza bei, na mali ya umma ikiuzwa kwa bei inayotiliwa shaka maelezo yanapaswa kutolewa hadharani. Lakini kwa mkazi wa Webuye bei haikuwa swali la kwanza. Mnunuzi angelipa mara kumi ya kiasi kile, na bado kiwanda kisingeendelea kama hakina miti. Swali lililopaswa kutangulia ni mkataba wa magogo: kiasi gani kwa mwaka, kutoka misitu ipi, kwa bei gani, na nini kitatokea serikali ikibadili sera yake ya misitu katikati ya njia.

Jibu lilikuja Februari 2018, muda mfupi baada ya kiwanda kufunguliwa upya. Katazo la ukataji lilikuwa na sababu zake, kwa kuwa vyanzo vya maji vilikuwa vikikauka na uharibifu wa misitu ya asili ulikuwa dhahiri. Lakini katazo liliihusu misitu ya umma kwa jumla, pamoja na ile iliyopandwa mahususi ili ivunwe. Serikali ileile iliyokuwa imesherehekea kurudi kwa kiwanda ilizuia malighafi yake, na haikuwa mara ya kwanza, kwani katazo la 1999 lilikuwa limeonyesha hatari hiyo miaka kumi na tisa kabla.

Ulinganisho na Tanzania unasaidia hapa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza kazi katika miaka ya 1980 kikiwa mali ya serikali, kikasimama katika miaka ya 1990, na baadaye kikanunuliwa na kundi lilelile la Rai, ambalo limekiendesha kwa jina la Mufindi Paper Mills. Mitambo yake nayo ilikuwa imekaa bila kazi, na soko lake nalo lilijaa karatasi za nje. Tofauti ninayoiona kuwa nzito zaidi ni kwamba Mgololo imezungukwa na misitu ya kupandwa, ya serikali na ya watu binafsi, katika eneo ambalo kupanda na kuvuna miti ni biashara inayoeleweka na wote, kuanzia halmashauri hadi mkulima mwenye ekari mbili. Mwenye mali ni yuleyule. Kilichotofautiana ni uhakika wa gogo la kesho.

Kwa hiyo mji unaojiandaa kuuziwa kiwanda chake ungefanya vyema kupeleka wawakilishi wake katika chumba cha mazungumzo wakiwa na maswali matatu mahususi: mkataba wa malighafi unadumu miaka mingapi na unalindwa na nini, viwanja na nyumba zisizohusiana na uzalishaji zinabaki kwa nani, na malimbikizo ya wafanyakazi wa zamani yanalipwa kutoka katika fungu lipi na kufikia tarehe gani. Wakulima wa mikaratusi wa Webuye, ambao miti yao haikuguswa na katazo la misitu ya umma, wangeweza kuwa sehemu ya jibu la swali la kwanza, kwa mkataba wa ununuzi uliosainiwa mapema kupitia chama chao. Wakati wa mauzo wengi wao walikuwa tayari wana wanunuzi wa nguzo wanaolipa taslimu, na kiwanda kilichohitaji magogo kilikuwa kikiyatazama yakipita barabarani kwenda kwingine.